Copacabana: siku tano na taulo moja

Naomba nianze kwa kukiri. Kilichonipeleka Rio de Janeiro siyo utalii wala utamaduni. Ni kitanda. Nilishaziona sana zile picha za mashuka meupe pee, yasiyo na kunyanzi hata moja, dirisha liko wazi na bahari ipo hapo nje, nikajiapiza kwamba kabla sijagonga arobaini na mimi nitalala pale, nipige picha, niwarushie mashosti roho ziwaume kidogo. Basi mume wangu alipoalikwa kwenye mkutano wa siku tatu wa wataalamu wa maji, na mwaliko ukasema mwenza anaruhusiwa kulala chumba hicho hicho bila nyongeza, nilianza kutafuta tiketi kabla hata hajamaliza kusoma barua pepe.

Siku tatu zililipiwa na wenye mkutano. Mbili tuliongeza kwa hela zetu, ndiyo sherehe ya miaka saba ya ndoa. Hapa nikupe ujanja: usiende kutafuta bei ya hizo siku za ziada mwenyewe. Waombe waandaaji wakuulizie kama hoteli itakubali kukupa bei ile ile ya mkutano. Sisi ilikubali, na tofauti yake ilikuwa si ya kitoto.

Tulipitia Addis Ababa, tukavuka Atlantiki hadi São Paulo, kisha ndege ya chini ya saa moja hadi Rio. Hoteli yetu ni mojawapo ya zile kubwa za kimataifa zilizojipanga kando ya Avenida Atlântica, mbele ya ufukwe wa Copacabana. Jina naliweka kapuni, sababu utaiona huko mbele. Mapokezi walituletea vitaulo vya baridi vya kufutia uso, juisi, tabasamu, halafu wakaomba kadi. Jamani, hili wengi hawaambiwi. Hoteli za daraja hili hushika kiasi cha fedha kwenye kadi yako kama dhamana. Hawakati, wanazishikilia tu, na wakishaziachia zinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi. Ukienda na kadi yenye hela kamili za matumizi, utalala kitanda cha kifalme huku huna hata ya kununulia dafu. Baba Nasra alisaini akanyamaza. Namjua mume wangu. Ule ulikuwa ukimya wa hesabu.

Lakini chumba! Ghorofa ya kumi na moja, bahari yote yetu. Chini, ile njia maarufu ya waenda kwa miguu iliyopambwa kwa vijiwe vyeupe na vyeusi kama mawimbi, na watu wa kila umri na kila umbo wanatembea nusu uchi bila wasiwasi wowote. Nilikaa kwenye kibaraza nikapiga simu nyumbani kwa mama mkwe, aliyebaki na mtoto, na hapo ndipo nilipogundua kitu kilichonifurahisha safari nzima. Rio iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa sita. Saa ya ukutani ikionyesha 1:00 mchana kule, Dar ni 7:00 jioni, na sisi hiyo tunaiita saa moja usiku. Kwa hiyo ukiwa Rio, isome tu saa ya pale, namba inayoonekana ndiyo saa ya Kiswahili nyumbani. Siku tano sikupiga hesabu hata mara moja.

Usiku ule ule wa kwanza nikamwaga kahawa juu ya mto. Akaja mama mmoja wa usafi, umri kama wa mama yangu mzazi, rangi yake na yangu ukitulaza mikono pamoja huoni mpaka. Kiingereza hana, mimi Kireno sina. Nikauonyesha mto, nikajikuta nimetoa Kiswahili kwa sauti kubwa, kama vile sauti ikipanda ndiyo lugha inaeleweka: "Foronya! Foronya!" Akasimama. Akanitazama. "Fronha?" Tulicheka hadi mume wangu akatoka bafuni kuja kuona kuna nini. Baada ya hapo yeye ndiye aliyeushika mchezo. Akaigusa meza, akasema meza. Mama naye akasema "mesa". Mvinyo, "vinho". Bendera, "bandeira". Wareno walikaa pwani yetu karibu miaka mia mbili, ngome yao ya Mombasa ikaanguka mwaka 1698, na inaelekea waliondoka haraka bila kukumbuka foronya zao. Mume wangu, ambaye kwa kawaida hana habari na mambo ya lugha, tangu usiku ule akawa anasikiliza kila Kireno kinachopita karibu akitafuta neno la kwetu. Kumbuka hilo.

Kifungua kinywa ni somo lingine. Kuna vimkate vya mviringo vya unga wa muhogo na jibini, pão de queijo, vinakuja vya moto, ukila kimoja umekula kumi. Kuna chapati nyeupe za wanga wa muhogo, wanaziita tapioca, mpishi anakukaangia mbele yako na kukuwekea nazi au jibini ndani. Na kuna juisi ya mabibo! Ndiyo, yale mabibo ya mkorosho ambayo kwetu wengi tunayaachia watoto na watengeneza pombe, kule yanakamuliwa na kumiminwa kwenye glasi ndefu ya hotelini. Asili ya mkorosho ni Brazil, kama ilivyo kwa muhogo wenyewe asili yake Amerika ya Kusini, na ni hao hao Wareno waliotuletea. Sijui kwa nini hoteli za kwetu hazijaamka.

Wakati mume yuko mkutanoni, mimi nilikwenda kuitazama hoteli mama ya ufukwe ule, Copacabana Palace. Nilivaa gauni langu moja la maana nikaingia kama mwenye chumba, nikaagiza kahawa kando ya bwawa. Ni jengo jeupe la mwaka 1923. Tajiri Octávio Guinle ndiye aliyelijenga, na mchoraji wake alikuwa Mfaransa Joseph Gire, aliyeiga hoteli kubwa za pwani ya kusini mwa Ufaransa. Lilipofunguliwa, mtaa wa Copacabana ulikuwa bado na nafasi tele. Ghorofa zote unazoziona leo zilikuja kuizunguka hoteli. Lilikuwa na kasino hadi mwaka 1946, serikali ilipopiga marufuku kamari nchi nzima. Mwaka 2006 Rolling Stones walipopiga bure ufukweni, kilijengwa kidaraja juu ya barabara ili watoke hotelini hadi jukwaani bila kukanyaga lami. Madonna naye, Mei 2024, alifikia hapo hapo na kupiga mbele ya umati ambao jiji lilikadiria kuwa watu milioni moja na laki sita. Nilikunywa kahawa ile polepole sana, maana bei yake ilinitaka nifanye hivyo. Na jihadhari: kwenye bili za migahawa ya Brazil mara nyingi asilimia 10 ya huduma imeshawekwa, usije ukalipa bakshishi mara mbili.

Sasa tufike kwenye taulo.

Siku ya tatu mkutano uliisha mapema. Tukashuka kwenye bwawa la hoteli yetu. Mimi nimelala na miwani yangu ya jua, Baba Nasra amevaa fulana nyeupe na bukta ya bluu, anarudi kutoka kununua maji. Bibi mmoja wa Kizungu, mgeni kama sisi, akatoka majini, akamtazama, au tuseme akatazama upande wake, akanyoosha mkono: "Toalha." Mume wangu akang'aa uso. Amelielewa neno! Akageuka, akaenda kwenye meza ya mataulo, akachukua moja, akampelekea. Bibi akalipokea, akajifunika, akamrudishia glasi tupu. Hakusema kitu. Mume wangu akaja na glasi mkononi, anacheka. "Umesikia? Toalha. Taulo!"

Mimi sikucheka. Wahudumu wa bwawa lile walivaa fulana nyeupe na bukta ya kaki.

Tulianza kugombana kwenye lifti, ambamo, kwa bahati mbaya au nzuri, kuna kibao cha kukataza ubaguzi wa rangi na wa kila aina. Vibao hivyo utaviona kwenye lifti nyingi za Brazil, nchi ambayo majengo yake yana lifti ya wakazi na lifti ya huduma. Nikamwambia umedhalilishwa halafu unacheka. Akaniambia mama yake alifua mashuka ya gesti moja Morogoro ndipo yeye akasoma, kwa hiyo kumletea bibi anayetetemeka taulo hakuoni kama tusi. "Kinachokuuma wewe ni mimi kudhaniwa mhudumu," akasema. "Mhudumu ana nini?" Nikamjibu kwamba kinachoniuma ni kwamba yule bibi hakumtazama usoni. Akanyamaza. Safari hii haukuwa ukimya wa hesabu.

Nitakuwa mkweli kwako: alikuwa amenigusa pabaya. Wiki nzima nilikuwa napiga picha za kuonyesha kwamba mimi ni wa kuhudumiwa. Lakini na mimi sikuwa nimekosea. Usiku ule sikulala, nikawa nasoma kwenye simu kuhusu Katherine Dunham, mcheza dansi mashuhuri Mmarekani Mweusi, aliyekataliwa chumba katika hoteli moja ya São Paulo mwaka 1950. Kelele zilizofuata zilichangia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1951, ya kwanza Brazil kuuhesabu ubaguzi wa rangi kuwa kosa. Kama Dunham angecheka akaondoka zake, je? Nikavaa, nikashuka mapokezi peke yangu, nikamweleza meneja wa zamu. Alikuwa na adabu sana. Akaandika. Akaomba radhi kwa Kiingereza kizuri kuliko changu.

Asubuhi kikapu cha matunda mlangoni, na kadi. Mume wangu akaisoma, akaiweka mezani. "Kumbe ulikwenda." Hilo ndilo lililomuuma, si kwamba nimelalamika bali kwamba jambo limempata yeye na mimi nikaenda kulisema bila yeye. Hapo sikuwa na la kujibu. Kama na wewe ni mtu wa kumsemea mwenzio ukidhani unamtetea, utakuwa umenielewa.

Lakini balaa lenyewe lilikuwa chini. Tuliposhuka bwawani, kijana wa mataulo, mweusi kama sisi, alituona akaacha kila kitu, akaja na mataulo manne mikononi, anaomba samahani kwa Kiingereza cha kuunga-unga. Ikachukua muda kumwelewa. Malalamiko yangu yalikuwa yameteremka ngazi kwa ngazi hadi yakamfikia yeye: kwa nini mgeni alikwenda kujichukulia taulo, wewe ulikuwa wapi? Bibi mwenye taulo lake alikuwa amekaa pale pale na gazeti, hana habari. Hakuna aliyemuuliza kitu. Angeulizwaje, naye analipia chumba?

Tulipanda mapokezi, wote wawili, na mara hii aliongea yeye. Akasema kwa taratibu kwamba kijana alikuwa kazini, akihudumia watu wengine, na kwamba kama kuna kitu kimeandikwa dhidi yake kifutwe, na tungependa kuona kikifutwa. Meneja, mwingine sasa, akafungua kompyuta, akageuza kioo, akafuta mbele yetu. Kama alikirudisha tulipoondoka, Mungu anajua.

Mchana ule hatukutaka tena bwawa. Tukapanda metro hadi katikati ya jiji, kisha tramu hadi eneo la bandari ya zamani, kwenye gati la Valongo. Lilijengwa mwaka 1811, baadaye likafukiwa, likafukuliwa wakati wa ujenzi wa mwaka 2011, na mwaka 2017 UNESCO ikaliweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Inakadiriwa Waafrika wapatao laki tisa walifika Amerika ya Kusini kupitia hapo kama watumwa, wengi kutoka Angola na Kongo, wengine kutoka Msumbiji, hapo jirani yetu. Ni mawe tu ndani ya shimo, hayajapambwa. Watu wanapita wakielekea kazini. Tulisimama kwenye ukingo muda mrefu, na Baba Nasra akanishika mkono bila kusema kitu, akaushikilia hadi tramu ilipokuja.

Usiku wa mwisho tulikula nyama choma na mvinyo, tukasherehekea miaka yetu saba siku moja kabla ya tarehe yenyewe. Niliporudi chumbani nikakuta foronya mbili za ziada zimekunjwa juu ya mto wangu. Nilimwachia mama yule bahasha mezani, na ndani yake, kwa kalamu, neno moja analolijua.

Tulipokuwa uwanja wa ndege ikaingia barua pepe ya hoteli: tafadhali tupe alama kuanzia sifuri hadi kumi. Kitanda, kifungua kinywa, bwawa, wafanyakazi. Mimi nikasema tisa. Mume wangu akasema kumi kwa wafanyakazi, kwingine saba. Hakukuwa na kisanduku cha wageni wenzetu. Tukabishana hadi tukaitwa kupanda ndege, na fomu ile ipo hadi leo kwenye simu yangu, sijaituma.