Ndoana Ndogo Miambani mwa Mwanza

Mji wa Mwanza umejengwa juu ya mawe. Majabali yamepandana vilimani kana kwamba yalipangwa kwa mkono, nyumba zimeng'ang'ania katikati yake, na mengine yameteremka hadi majini. Jiwe la Bismarck, lililosimama ziwani karibu kabisa na mjini, ndilo maarufu kuliko yote. Mgeni hulipiga picha akaenda zake. Lakini kwa mfanyakazi mwenye siku moja ya mapumziko, na watoto waliochoka kukaa ndani, miamba ya ufukweni ina faida nyingine: mtu huweza kuvua hapo kwa ndoana bila kuhitaji mtumbwi wala injini.

Zana zinazotakiwa ni chache na nyepesi. Tafuta ufito mwembamba wa mita mbili hivi, mshipi wa nailoni unaoweza kuhimili kilo mbili au tatu, ndoana ndogo, boya na chubwi. Chambo cha sato ni minyoo, au ugali uliokandwa ukashikana vizuri. Sangara yeye ni mla nyama. Hula uduvi, dagaa, furu, na hata watoto wa sangara wenzake. Hivyo mtegee kipande cha samaki, au kisahani cha bati kinachometameta kikivutwa majini.

Nenda alfajiri au jua linapoanza kuinama. Sangara wadogo hukaa karibu na nchi kavu, nao hupenda kuvizia kandokando ya mawe. Tupa ndoana sambamba na mwamba, si mbali katikati ya maji. Akishika, usimvute kwa nguvu, maana mshipi mwembamba utakatika. Mwachie akimbie, kisha ukunje taratibu anapolegea. Mara nyingine huruka juu ya maji akitikisa kichwa, na hapo ndipo watoto hupiga kelele za furaha.

Yafaa kujua kwamba samaki huyo, ambaye leo ni kama nembo ya Mwanza, ni mgeni. Alipandikizwa katika Ziwa Victoria kutoka upande wa kaskazini, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sato naye aliletwa katika kipindi hicho hicho. Sangara huweza kufikia urefu wa mita mbili, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa ameitawala Ghuba ya Mwanza. Viwanda vya minofu vilijengwa, ajira zikapatikana na minofu ikasafirishwa Ulaya, huku wananchi wa kipato cha chini wakinunua mapanki, yaani mifupa yenye mabaki ya nyama.

Waliolipa gharama kubwa ni furu. Ziwa hili lilikuwa na aina zao zinazokadiriwa kupita 500, na nyingi zilitoweka katika kipindi kifupi. Si sangara peke yake aliyewamaliza. Uchafu unaotiririka ziwani na uvuvi wa kupindukia navyo vilichangia. Hata hivyo, baadhi ya furu wa miambani walisalimika, kwa sababu nyufa za mawe ni ngome ambayo adui mkubwa hawezi kuingia.

Miongoni mwa wakazi wa miamba ya Ghuba ya Mwanza yumo furu mdogo ambaye dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi. Wanasayansi walipomwandika rasmi mwaka 1985, walimpa jina la nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Leo jina lake kamili la kitaalamu ni Pundamilia nyererei. Jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yakichafuka, rangi hazionekani, na aina huanza kuchanganyika. Kwa hiyo, mfuko wa plastiki na maji machafu tunayoyaelekeza ziwani vinaweza kufuta hata jina hilo.

Hapa, msomaji, ndipo ndoana inapomtofautisha mvuvi na mwenye kokoro. Kokoro hukusanya wakubwa kwa wadogo bila kuuliza. Ndoana hukuletea samaki mmoja, hai, mkononi mwako, nawe unapaswa kuamua. Kanuni zinakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25. Uamuzi huo si mwepesi. Sangara wa sentimita 40 ni kitoweo cha kutosha familia, na mtoto aliyemvua anatazama usoni pako akingoja sifa. Lakini samaki wa kimo hicho kwa kawaida hajazaa hata mara moja. Ukimla leo, umekula pia wale ambao mtoto wako angewavua atakapokuwa na watoto wake.

Basi nenda na rula au kamba yenye alama, na mtoto ndiye apime. Lowanisha mikono kabla ya kumshika samaki, mng'oe ndoana kwa upole, na umrudishe upesi, kwani sangara hufa haraka akikosa hewa ya majini. Furu naye mrudishe. Sato aliyetimia kipimo mpeleke nyumbani kwa moyo mweupe.

Kabla ya safari, pita kwa Afisa Uvuvi uulize kuhusu leseni na maeneo yaliyokatazwa. Kisiwa cha Saanane, kwa mfano, ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2013. Simameni juu ya mwamba mkavu, wala msiingie kwenye maji yaliyotulia penye majani, kwa kuwa humo hukaa konokono wa kichocho. Waulizeni wenyeji habari za mamba. Na mnapoondoka, okoteni vipande vyote vya mshipi: nailoni haiozi upesi, na ndege au kenge akinaswa nayo hana wa kumfungua.