Mshenga Aliyependa: Hekaya ya Sultani Darai katika Daftari la Isiolo

Miongoni mwa hekaya alizozikusanya Edward Steere kisiwani Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, ile ya Sultani Darai ndiyo ambayo pengine imesomwa kwa pupa kuliko zote. Aghalabu wahakiki hutosheka kusema kwamba ni ndugu ya hekaya ya paka mwenye viatu, iliyoandikwa na Charles Perrault nchini Ufaransa mwaka 1697: mnyama mwerevu anamtwaa maskini asiye na mbele wala nyuma, anambandika jina kubwa na kumposea binti wa mfalme. Ulinganisho huo ni wa haki, lakini unafika harusini tu. Baada ya harusi fanani wa Unguja anashika njia yake. Paka wa Perrault anaishia kuwa mheshimiwa mkubwa. Paa wa Hamdani, yule maskini aliyezoea kuchakura jaani akitafuta punje za mtama, anaugua. Anaomba huruma ya bwana wake, bwana anaamuru apikiwe uji wa nafaka hafifu. Paa anakufa kwa uchungu, na mzoga wake unatupwa kisimani.

Yafaa kuuliza ni nani apendaye katika hekaya hii. Hamdani hampendi mtu. Binti wa sultani anapewa mume asiyemjua, kama ilivyo desturi ya hekaya. Paa ndiye anayeokota almasi na kuipeleka kwa sultani badala ya kujitafutia maisha, ndiye anayemvika Hamdani nguo, ndiye anayemuua joka wa vichwa saba ili bwana wake apate nyumba ya kumwingizia mke. Kwa lugha ya kwetu, paa ni mshenga, tena mshenga anayempenda yule aliyemtuma.

Mwalimu mmoja wa fasihi mjini Isiolo ameushika uzi huu na kuusokota kwa miaka kadhaa katika daftari ambalo halijachapishwa wala kuonyeshwa wengi. Daftari hilo ni jaribio la kuisimulia upya hekaya ya Sultani Darai kama kisa cha mapenzi baina ya wanaume wawili, pamoja na uchawi wake, majoka yake na mageuzi yake ya mnyama kuwa mtu. Hakulianza kwa ajili ya mjadala wa wasomi. Ujanani alikuwa miongoni mwa waliotumwa kupeleka posa ya rafiki yake, mtu aliyempenda kuliko nafsi yake. Alikaa mkekani na wazee, akausifu ukoo wa bwana harusi, akabishana juu ya idadi ya ngamia, akarudi na jibu jema. Rafiki huyo sasa ana watoto, na bado humwita mwalimu mshenga wake kwa mapenzi na utani. Hayo hayamo daftarini. Kilichomo ni paa.

Au tuseme kilichomo ni swala twiga, kwa kuwa mtunzi ameihamishia hekaya kaskazini. Jaa la Unguja limekuwa vumbi la soko la mifugo la Isiolo, na Hamdani anachakura kwenye samadi baada ya wanunuzi kuondoka. Uteuzi wa mnyama ni wa busara. Swala twiga, ambaye Wasomali humwita garanuug, anaonekana katika hifadhi ya Buffalo Springs karibu na Ewaso Nyiro. Ni mnyama anayesimama wima kwa miguu ya nyuma ili ayafikie majani ya mgunga. Ukimwona kwa mbali jioni utadhani ni kijana aliyenyoosha mikono. Mtunzi hakuhitaji mganga wala pete ya ajabu ili kumgeuza mnyama kuwa mtu. Ilimtosha kumwacha asimame, kisha asiiname tena.

Lugha nayo imemfaa. Isiolo ni mji wa Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, na Kiswahili ndicho lugha yao ya sokoni. Kisomali humlazimu msimulizi kusema isaga au iyada, yaani kutenga mwanamume na mwanamke kila anapomrejelea mtu. Kiswahili hakimlazimu. "Alimngojea mtoni, alipomwona moyo ulimwenda mbio": katika sentensi hiyo hakuna awezaye kuapa ni mke au ni mume. Kurasa kumi na nne za mwanzo wa daftari zinakwenda hivyo, bila hila yoyote ila sarufi ya kawaida. Mtunzi ameyaepuka pia majina yanayotumiwa mitaani kuwataja watu wa namna hii. Hata "shoga", ambalo kwa wanawake wa pwani ni neno la usuhuba tu, limekwisha kuwa tusi midomoni mwa wengi. Swala anamwita Hamdani "mwandani", naye Hamdani anamwita hivyo hivyo.

Lakini lugha iyo hiyo iliyomsitiri mtunzi inamtoa hadharani kwenye ndoa. Mume huoa, mke huolewa. Kitenzi kinadai kujua nani ni nani. Mtu anaweza kukimbilia "wakaoana", na katika mswada wa kwanza mtunzi alikimbilia huko. Sultani alicheka, ngoma zikalia, watu wakala siku saba. Kama sarufi, sentensi haina kosa. Kama hekaya, imekufa. Hakuna aliyeuliza posa inapelekwa kwa nani, mahari inatoka zizi gani kwenda zizi gani, wala ni mzee yupi anayesimama na kusema "nimekubali". Hekaya ya aina hii haiishii kwa wapenzi kupendana, kwani hilo huwa limetokea zamani. Inaishia kwa ukoo kukubali. Kuibadili jinsi ya mhusika mmoja ni kazi ya dakika moja. Kumpata mzee wa kuipokea posa ni kazi ya miaka.

Mswada wa pili ulitaka kukwepa uongo huo, ukaangukia mahali pabaya zaidi. Mtunzi aliamua kuwa mwaminifu kwa Steere: swala anaugua, anadharauliwa, anakufa. Kurasa zenyewe ni nzuri, huenda nzuri kupita kiasi, kwa sababu mauti ya mpenzi wa namna hii huandikika kwa wepesi. Hans Christian Andersen aliandika kisa cha nguva mdogo mwaka 1837, mwaka mmoja baada ya Edvard Collin, ambaye Andersen alimwandikia barua za mapenzi, kuoa. Nguva asiye na sauti anahudhuria harusi ya ampendaye, kisha anageuka povu. Wasomaji wa dunia nzima wamemlilia nguva huyo bila kusumbuliwa na lolote. Mpenzi aliyekufa hamdai mtu kitu.

Anayeishi ndiye anayedai. Wanuri Kahiu alipotengeneza filamu ya Rafiki, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007, bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku mwaka 2018. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Septemba ya mwaka huo mahakama iliruhusu filamu ionyeshwe kwa siku saba, na watu wakajaza kumbi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu vya sheria ya adhabu vinavyohusu mapenzi ya wanaume, ambavyo kimoja chake kinabeba kifungo cha hadi miaka kumi na minne. Mwalimu anayejua hayo, na anayekula mshahara wa kufundisha watoto wa watu, hana haja ya kuelezwa kwa nini daftari lake linakaa chini ya godoro.

Wapo waliochapisha. Diriye Osman, Msomali aliyezaliwa Mogadishu mwaka 1983, akapitia Nairobi kabla ya kuhamia London, alitoa mkusanyiko wa Fairytales for Lost Children mwaka 2013. Katika hadithi inayoupa mkusanyiko jina lake, mtoto mkimbizi darasani Nairobi anamsikiliza mwalimu wake akizigeuza hekaya za Kizungu: Rapunzel anakuwa Rehema, mfungwa wa Fort Jesus. Kitendo hicho cha mwalimu ni kile kile alichokifanya fanani wa Unguja kwa hekaya ya paka, na hakuna aliyemshtaki fanani kwa kuharibu mila. Hata hivyo Osman aliandika akiwa London, na kwa Kiingereza. Msomaji wa Isiolo hawezi kuhamia katika mwisho wa kitabu cha mwingine. Kwake mzee anayepaswa kukubali anakaa mtaa wa pili, naye hukutana naye msikitini.

Ndipo mwalimu aliporudi kuisoma hekaya ya Unguja na kukuta jambo alilokuwa amelipita mara nyingi. Paa anapotupwa kisimani, anayeshuka kumtoa si Hamdani. Mke anapeleka habari kwa baba yake, na sultani, yule mzee aliyeipokea posa, anakuja na watu wake, wanaingia kisimani, wanamtoa paa na kumzika kwa heshima na matanga. Kumbe hekaya ilikuwa na mzee wake tangu mwanzo. Mwenye mamlaka ya kutoa na kunyima alijua thamani ya mshenga. Kosa lake ni kuchelewa.

Mswada wa tatu, ambao bado unaandikwa, unamharakisha sultani. Binti yupo pia, wala si mtu wa kusukumwa pembeni ili wanaume wapate nafasi: yeye ndiye aliyeng'amua tangu usiku wa kwanza ni nani aliyemposa hasa, na ndiye anayetuma mjumbe upesi. Sultani anafika swala akiwa bado anapumua ndani ya kisima. Kwa wafugaji wa kaskazini kisima si shimo la maji tu; kina zamu, na zamu ni ya ukoo, hata asiye na ukoo hana zamu. Mzee anawatazama waliosimama pembezoni na ndoo zao. Anauliza zamu ni ya nani. Hamdani, ambaye kwa mara ya kwanza hana wa kumsemea, anajibu kwamba ni ya yule aliye chini. Mzee ananyamaza muda mrefu, kisha anaagiza kamba iteremshwe.

Baada ya hapo mtunzi ameandika sentensi moja, akaifuta, akaiandika tena. Haina "akaoa", haina "akaolewa", wala haina "wakaoana". Ametumia maneno ambayo mafanani wa pwani wamefungia hekaya zao siku zote, yasiyomtaja bwana wala bibi: wakakaa raha mustarehe. Pembeni ameweka alama ya kuuliza kwa penseli, na chini yake idadi ya ngamia.