Barabara Isiyo na Motokaa

Sisi wa komini ya Mulekera, katika mji wa Beni, baisikeli twaiita kinga. Mtu akisema, "Nakwenda na kinga," kila mmoja afahamu kwamba atakawia. Maana kinga hupita pasipopita motokaa, na mwenye kupita huko hukutana na watu, na mwenye kukutana na watu hana budi kusimama na kuwasalimu. Tuko wachache wenye desturi ya kutoka pamoja siku ya Jumamosi. Mmoja huenda kutazama kakao yake, mwingine kumjulia hali shangazi yake, na wengine, tuseme kweli, twapenda tu kupanda kinga. Katika safari hizo tumejifunza jambo moja juu ya barabara zisizo na motokaa, nalo twaona lafaa kuelezwa.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Upande wa magharibi tuna msitu mkubwa. Upande wa mashariki liko bonde la Semliki, mto utokao katika Ziwa Edward na kumiminika katika Ziwa Albert. Na ng'ambo ya bonde yasimama milima ya Ruwenzori, ambayo kilele chake, Margherita, chafika mita 5,109. Asubuhi baada ya mvua ya usiku theluji yake yaweza kuonekana, kisha mawingu hupanda na mlima hujifunika tena. Upande wa kusini barabara yapanda mpaka Butembo, mwendo wa kilomita 54 hivi, mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Katika barabara kubwa mna malori, vumbi na honi. Lakini pembeni mna njia nyingi za changarawe na udongo mwekundu ziendazo mashambani, katikati ya migomba, mikahawa na mikakao. Huko husikii ila mnyororo ukizunguka, ndege wakilia, na sauti za watu wakilima.

Njia hizo hazimpendi mwenye haraka. Mpira uliojazwa upepo mno hurukaruka juu ya mawe na kumchosha mpandaji mikono. Ukipunguzwa kidogo, hushika ardhi vizuri. Lakini ukipunguzwa kupita kiasi, jiwe kali litaubana mpira wa ndani juu ya ukingo wa gurudumu na kuutoboa mahali pawili kwa mara moja. Katika mteremko, punguza mwendo kabla ya kona, usingoje kufika ndani yake. Kwa maana ukishika breki ya mbele ghafula juu ya changarawe, gurudumu huteleza, nawe uko chini. Tena mnyororo usitiwe mafuta kabla ya kupanguswa. Vumbi likichanganyika na mafuta hula chuma kama tupa. Mzee mmoja fundi, ambaye tangu ujana wake atengeneza kinga chini ya mwembe, hutuambia: "Kinga haifi kwa uzee, hufa kwa uchafu."

Na kinga kwetu si ya kutembelea tu. Hubeba mikungu ya ndizi, madumu ya mafuta ya mawese na magunia ya makaa. Mwenye mzigo mzito hapandi. Hufunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, akaisukuma kinga kwa miguu yake mwenyewe, kilima hata kilima. Huko Goma wana chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali wala mnyororo, nacho hubeba magunia ya viazi na makabichi kutoka milimani. Wageni huicheka. Wangejua kwamba baisikeli yenyewe ilianza hivyo, wasingecheka. Mwaka 1817 Karl Drais, Mjerumani, alitengeneza chombo cha mbao cha magurudumu mawili, akakiendesha kwa kusukuma ardhi kwa miguu. Pedali zilikuja baadaye, na mpira wa upepo wa John Boyd Dunlop ulikuja mwaka 1888. Watu wa Goma wamemheshimu mwendesha chukudu kwa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, nasi twaona wamefanya vema.

Siku hizi, katika nchi nyingine, watu wenye motokaa zao huziacha nyumbani na kutafuta kwa makusudi barabara za changarawe zisizo na motokaa. Si lazima tutazame Ulaya. Katika Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, iko njia ya kilomita 227 kutoka Rubavu mpaka Rusizi, ipandayo na kushuka vilimani juu ya maji, na wageni hutoka mbali kuja kuipita kwa baisikeli. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Wageni hao wakiulizwa watafuta nini, wengi hujibu: kimya. Twawaelewa. Sisi nasi twakipenda kimya.

Lakini, wasomaji wapenzi, kimya ni cha namna mbili, na hapa ndipo penye jambo letu.

Iko barabara isiyo na motokaa kwa sababu watu waitumia kwa miguu yao. Humo utamkuta mama na kikapu mgongoni, kamba yake ikipita juu ya paji la uso, atakuambia, "Jambo, baba," nawe utajibu, "Jambo sana, mama." Utakuta watoto na majembe, mzee na fimbo yake, kijana akisukuma madumu. Na iko barabara isiyo na motokaa kwa sababu watu wameikimbia. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wengi wa Beni na vijiji vyake wameuawa, wengi wao kwa panga, na njia nyingi za mashambani zimebaki tupu. Mwezi wa Agosti 2018 ikaja Ebola, iliyotangazwa kwanza huko Mangina. Ilipotangazwa kwisha mwezi wa Juni 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Wakati ule hata wa kinga walisimamishwa njiani wanawe mikono na kupimwa joto, na majirani waliogopa kupeana mkono. Hicho pia kilikuwa kimya, wala hakuna aliyekitafuta.

Basi tumejiwekea kanuni. Kwenye nyumba za mwisho twashuka na kuuliza: nani amepita leo, nani amerudi? Tukiisha kuingia njiani twahesabu salamu. Tukienda mwendo mrefu pasipo salamu hata moja, twarudi. Siku moja tulirudi hivyo, tukiwa na mwenzetu ambaye kakao yake ilikuwa imeiva. Njia ilikuwa nzuri, kavu, jua jepesi, wala hapakuwa na mtu. Mwenzetu alisimama kitambo akitazama mbele, maana shamba halikuwa mbali. Kisha akageuza kinga yake, asiseme neno. Majuma yakapita kabla njia haijapata watu tena. Alipofika, matunda mengi yalikuwa meusi juu ya miti, mengine yameibwa, na karo ya watoto muhula ule ikachelewa. Hakuna aliyemcheka, wala yeye hakutulaumu. Lakini mtu asiseme kwamba kurudi ni rahisi.

Vijana hutuambia: nunueni pikipiki, mtakimbia upesi. Neno lao lina haki yake. Mgonjwa akizidiwa usiku, au mama akishikwa na uchungu, pikipiki yafaa kuliko kinga, na twawashukuru waendeshaji wake. Lakini mwenye pikipiki hasikii kitu ila injini yake, naye huwapita watu kabla hawajafungua kinywa. Mwenye kinga husikia tawi likivunjika. Huwaona waliokaa mlangoni, na nao humwona, asiporudi jioni, wako watakaosema, "Alipita hapa saa tatu." Mwenda pole hajikwai, walisema wazee.

Kwa hiyo mtu akitamani barabara isiyo na motokaa, nasi twaitamani pamoja naye. Ila twaomba iwe yenye watu. Siku njia za Mulekera zitakapojaa tena vikapu, majembe na salamu, hata tukachoka kushuka kujibu, ndipo tutakaposema kwamba amani imerudi. Kwa sasa twaendelea kutia kinga upepo kila Jumamosi, twauliza kwenye nyumba za mwisho, na twawasihi wenzetu wote waendao mashambani wafanye vivyo hivyo: ulizeni kwanza, salimuni wote, wala msione haya kurudi.