Udongo Uwahi Ungali Maji

Mtoto wa mfanyakazi hana likizo. Mwezi Desemba shule hufungwa, na wanafunzi wakubwa hutawanyika kwenda kwa bibi na babu. Lakini viwanda vya Chang'ombe havifungwi, maduka ya Kariakoo hayafungwi, wala gazeti halikosi kutoka kwa sababu mwandishi wake ana mtoto mdogo. Kwa hiyo yule wa miaka mitatu au minne, ambaye hajafikia umri wa shule, huamshwa alfajiri kama kawaida, akavalishwa, akapelekwa katika kituo cha kulelea watoto mchana.

Ndivyo ilivyokuwa kwangu mwezi Desemba 2023. Jioni moja ya joto kali nilishuka kwenye daladala na kwenda kumchukua binti yangu katika kituo kimoja wilayani Temeke. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka mitatu na nusu. Asubuhi nilimwacha amevaa blauzi nyeupe na soksi nyeupe. Jioni nilimkuta amepakaa tope tangu vidole vya miguu hadi utosini. Mkononi alishika donge la udongo lenye tundu katikati, naye alinikimbilia akipiga kelele za furaha: "Mama, nimekupikia!"

Sikulipokea lile donge. Nilitazama blauzi. Nyumbani kwetu maji ya bomba yalikuwa hayajatoka kwa siku kadhaa, nasi tulikuwa tukinunua kwa dumu. Niliona moyoni beseni, sabuni, na usiku wa kufua baada ya siku nzima ya kazi. Nikamgeukia mlezi, mama wa makamo ambaye watoto wote humwita Bibi, nikamwambia mbele ya wazazi wenzangu: "Mimi sikumleta mtoto hapa kucheza matope. Matope yapo hata nyumbani, tena ya bure. Nalipa ada ili afundishwe."

Wazazi wawili watatu waliitikia. Yule mama hakubishana. Alisema tu, "Nimesikia, mama," akaenda kuchota maji amnawishe mtoto.

Kituo kilipofunguliwa tena mwezi Januari 2024, kila kitu kilikuwa kimebadilika. Beseni la udongo lilikuwa limeondolewa. Makopo ya rangi hayakuonekana. Watoto walikaa kwenye mikeka wakiwa na madaftari, na jioni kila mzazi alionyeshwa mstari wa herufi *a* uliotiwa alama ya vema kwa wino mwekundu. Blauzi ya binti yangu ilirudi nyeupe kama ilivyotoka. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilijiona nimeshinda.

Furaha hiyo haikudumu. Kwanza, mtoto alianza kulia asubuhi. Kisha nililitazama vizuri lile daftari, nikagundua kwamba herufi nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa mkono wa mtu mzima uliokuwa juu ya mkono wa mtoto. Lakini lililonichoma hasa lilitokea mwezi Machi, mama yangu mzazi alipokuja kututembelea. Jumapili asubuhi alikaa uani akikanda unga wa maandazi, akamkatia mjukuu wake donge dogo ili naye akande. Mtoto aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akasema: "Sitaki, Bibi. Nitachafuka, mama atagomba."

Mama yangu hakusema neno. Alinitazama tu, akaendelea kukanda. Mwanamke huyo alinilea katika ua wa mchanga, akaniacha nipike wali wa majani katika vifuu vya nazi na kuuza mikate ya udongo kwa watoto wa jirani. Hakupata kuniuliza kama nimejifunza nini. Nami, mwenye cheti na kalamu, nilikuwa nimemfundisha mwanangu kuiogopa mikono yake mwenyewe.

Kazi ya mwandishi ni kuuliza na kusoma. Safari hii nilisoma kwa ajili ya nyumba yangu. Nilijifunza kwamba kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa minane midogo. Mtoto anapozaliwa, yote minane bado ni gegedu, kitu laini kama pembe ya sikio. Gegedu hilo hugeuka mfupa polepole, moja baada ya jingine, na la mwisho huanza kuwa mfupa mtoto akiwa na miaka minane au zaidi. Basi mkono tunaoulazimisha kushika penseli kwa vidole vitatu na kufuata mstari mwembamba ni mkono ambao ujenzi wake haujakamilika. Mkono huo hupata nguvu kwa kufinya, kukanda, kuchota, kumimina, kukamua kitambaa na kurarua karatasi. Yaani hupata nguvu kwa mambo yale yale ambayo mimi nilimkataza.

Hali kadhalika uchoraji una ngazi zake, na mtoto huzipanda mwenyewe bila kusukumwa. Mwenye miaka miwili huchora mikwaruzo tu, akifurahia kuona mkono wake unaacha alama. Karibu na miaka mitatu duara hujifunga. Karibu na miaka minne duara huota macho na miguu, nalo huwa mtu: baba ni kichwa chenye miguu mirefu, wala hana tumbo. Mzazi hucheka, lakini mtoto amefanya jambo kubwa. Amegundua kwamba alama katika karatasi inaweza kusimama badala ya kitu kisichokuwapo. Je, herufi ni nini kama si hiyo? Anayechora baba leo ameukaribia ufunguo wa kusoma kuliko anayeshikwa mkono ili atoe mstari wa *a* asiyojua maana yake.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Sisi wazazi huitumia methali hii kuhimizana kuwafundisha watoto mapema, na ni kweli. Lakini tumesahau kumtazama mfinyanzi. Yeye haanzi kwa kutia nakshi. Kwanza huuloweka udongo, akauponda, akaukanda na kuondoa vijiwe, akauacha utulie. Anayekimbilia nakshi kabla ya hayo chungu chake hupasuka motoni. Sisi tumetaka nakshi katika mwaka wa tatu.

Isidhaniwe kwamba haya ni mawazo ya kuletwa kutoka nje. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulihimiza kuanzishwa kwa vituo vya watoto ili akina mama waweze kushiriki katika uzalishaji. Mwaka 1981 Bunge lilitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana, na baadaye mambo yake yakaingizwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mwaka 1991 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao kifungu chake cha 31 kinataja kupumzika na kucheza kuwa haki. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na ujifunzaji wa awali ni mojawapo ya nguzo zake. Kwa hiyo kucheza si hisani anayopewa mtoto akishamaliza kazi.

Nilirudi kwa Bibi wa kituo nikamwomba radhi. Kwa kuwa nilimsema mbele za watu, niliona haki nimwombe mbele za watu. Alicheka, akasema, "Mama, hukuwa peke yako. Mzazi akiona daftari huona fedha yake imefanya kazi. Akiona tope huona fedha yake imemwagika." Kisha akanieleza alivyokuwa akifanya. Mchanga wa Temeke haushikamani, maana ni wa pwani. Kwa hiyo udongo wake aliuagiza Kisarawe, ukaja ndani ya mfuko wa saruji kwa basi, akaulipia nauli kutoka mfukoni mwake. Ule tuliouita uchafu ulikuwa mali aliyoinunua.

Mwezi Juni 2024, shule zilipofungwa tena, wazazi tulikaa kikao. Ilisadifu kwamba tarehe 11 ya mwezi huo ulimwengu uliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kimataifa ya Kucheza, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka huo huo. Sitadanganya kwamba wote tulikubaliana. Baba mmoja, dereva, alisema kwa uchungu: "Mwanangu atapambana na watoto wa shule za gari la njano. Wao wanaanza Kiingereza wakiwa na miaka miwili. Wangu aanze na matope?" Neno lake lilitunyamazisha. Hofu yake ni hofu ya kila mfanyakazi: kwamba mtoto wake ataachwa nyuma, na kwamba hakuna atakayemrudia. Sikuwa na jibu la kumwondolea hofu yote. Nilimweleza habari za mifupa minane, na mama mmoja fundi cherehani akaongeza kwamba wanagenzi wake wanaokata kitambaa vizuri ni wale waliozoea kazi za mikono tangu udogoni. Tukapatana hivi: madaftari yawekwe kando kwa kipindi chote cha likizo, na shule zikifunguliwa asubuhi iwe ya michezo ya mikono na hadithi, na herufi zipewe muda mfupi kwa wale wanaokaribia kuingia darasa la awali.

Suala la gharama lilitatuliwa haraka kuliko nilivyotarajia. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sitini, hakuwa amesomea uchoraji wala hakuwa na vifaa vya wachoraji. Alitumia vipande vya mraba vya ubao wa kiwandani na rangi za kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo unaojulikana duniani, na vijana wa Oyster Bay wanaendelea kuishi kwa mtindo huo. Kama yeye aliweza kuanza na alichokipata, sisi nasi tulitazama jikoni. Rangi ya manjano ilitoka katika bizari, nyeusi katika mkaa uliosagwa, kijani katika majani ya mchicha yaliyotwangwa, nyekundu katika udongo wenyewe. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano. Makumbi ya nazi yalikuwa brashi. Fundi cherehani alileta mabaki ya vitambaa, mwenye duka akaleta maboksi na visoda. Kila mtoto aliletewa shati kuukuu la baba au la kaka, likavaliwa kinyume, vifungo mgongoni. Hapo ndipo ugomvi wa blauzi nyeupe ulipokwisha.

Lakini tahadhari lazima ziwepo. Jiji letu limepata kuuguza kipindupindu mara nyingi, kwa hiyo udongo usichotwe kamwe karibu na mtaro wala choo, na mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Rangi za mafuta za kupakia nyumba au baiskeli si za watoto, kwa sababu nyingine huwa na madini ya risasi, nayo hudhuru ubongo. Visoda na shanga apewe yule tu aliyeacha kutia vitu kinywani. Na beseni la maji, hata liwe na kina cha shubiri moja, lisiachwe bila mtu mzima kando yake.

Mchango wangu mimi ulikuwa magazeti ya zamani, ya kutandikwa chini ili sakafu isiharibike. Siku moja nilifika mapema, nikasimama mlangoni bila kuonekana. Binti yangu alikuwa amechutama juu ya ukurasa niliouandika mwenyewe na kuutaabikia wiki nzima. Alikuwa akiumwagia bizari kwa viganja vyote viwili, akiusugua mpaka maneno yangu yasisomeke. Nilitaka kucheka, tena nikaona machozi yananilenga. Aliponiona, alisita. Alitazama mikono yake, kisha akanitazama usoni, akingoja.

Nikanyoosha mkono wangu. Alinipa donge la udongo lenye tundu katikati.

"Ni nini hiki?" nikamuuliza.

"Sufuria," akasema. "Ile ya kwanza ulikataa."

Sufuria hiyo ipo mezani mwangu ninapoandika maneno haya. Imepasuka upande mmoja, maana haikukandwa sawasawa. Blauzi ya siku ile nayo ina doa la manjano ambalo sabuni imeshindwa kuliondoa, nami nimeacha kulisugua. Ndugu mzazi, jioni ya leo au kesho utakapokwenda kumchukua mwanao, naye akukimbilie amechafuka, anyooshe mkono wenye kitu usichokitambua, tafadhali kipokee kwanza. Nguo zitafuliwa baadaye.