Mkanda wa Begani

Mkanda wa kwanza niliununua kwa sababu ulikuwa wa bei ya chini na kwa sababu nilikuwa naona haya kuuliza. Duka lenyewe lilikuwa la aina ile ya kule Minnesota ambako unaingia kutafuta soksi, unakuta dubu aliyekaushwa amesimama mlangoni kama askari wa benki. Kulikuwa na ukuta mzima wa mikanda ya bunduki. Ya ngozi, ya nailoni, ya mpira mzito kama nguo za wapiga mbizi, myembamba kama mshipi wa suruali, mingine imepanuka juu kama shingo ya swila. Kijana wa duka akaniuliza kama nahitaji msaada. Nikasema hapana, niko sawa. Sikuwa sawa. Nilichukua ule wa nailoni, upana wa inchi moja, nikalipa, nikatoka mbio.

Baba mkwe alikuwa amenialika kuwinda bata mzinga. Huyu ni mzee asiye na maneno mengi, mkulima wa kusini-mashariki mwa jimbo, kule kwenye vilima vinavyoangalia mto Mississippi. Miaka minne ya ndoa, mazungumzo yetu yalikuwa hali ya hewa na bei ya mahindi. Kwa hivyo aliposema, bila kuniangalia, kwamba Aprili angependa twende pamoja, mke wangu alinikanyaga chini ya meza. Nikakubali.

Kwanza ilibidi nisome. Minnesota, mtu aliyezaliwa baada ya 1979 hapati leseni ya kuwinda na bunduki bila mafunzo ya usalama. Mimi ni wa 1990. Nilikaa darasani na watoto wa miaka kumi na mmoja, na mmoja wao, msichana mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, alinisahihisha mbele ya watu jinsi ya kuvuka ua: toa risasi kwanza, weka bunduki chini, mdomo ukielekea mbali nawe, ndipo uvuke. Manze, nimefanya mitihani ya uuguzi, lakini sijawahi kuaibika vile.

Ujue pia nilikotoka. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, miaka kumi na mitatu kabla sijazaliwa. Bunduki niliyoijua mimi ni ile ya polisi barabarani, imening'inia kwenye mkanda uliochakaa. Na nyumbani kwetu Murang'a bunduki haikuwa hata na jina. Shosho aliiita "kile kitu." Guka alizolewa Nairobi Aprili 1954, kwenye msako wa Operation Anvil, akapelekwa Manyani. Siku zile kukutwa na bunduki, au risasi tu mfukoni, adhabu yake ilikuwa kifo. Dedan Kimathi mwenyewe alihukumiwa 1956 kwa kosa la kukutwa na bastola, akanyongwa Kamiti Februari 1957. Guka alirudi, wengine wa boma letu hawakurudi. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, ndiyo maana Shosho huniita "mume wangu" mpaka leo. Sasa ungemwambiaje Shosho kwamba mume wake amebeba kile kitu, tena kwa kujifurahisha?

Sikumwambia.

Bunduki aliyoniazima mzee ni ya marisau, ya kupampu, ya zamani, mbao yake imelainika kwa mikono ya baba yake. Uzito wake ni kama kilo tatu na nusu. Haifiki pakiti mbili za unga. Ukiishika dukani unaona ni mchezo. Lakini mimi nafanya kazi usiku kwenye makao ya wazee, miaka sita nainua watu kutoka kitandani hadi kitini na kuwarudisha, na bega langu la kulia lilishachoka kabla ya kubebeshwa chochote. Tulitembea saa nzima gizani kupanda kilima, maana sheria inaruhusu kuanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na mzee anataka kuwa amekaa kimya chini ya mti kabla ya hapo. Mkanda wangu ulifanya mambo mawili tu. Kwenye koti uliteleza, nikawa natembea nimeinua bega kama mtu anayeshangaa jambo. Nilipovua koti kwa joto la kupanda, ukakata nyama. Tulipofika juu vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Bata mzinga dume alikuja, mkia umefunguka kama feni, nami sikuweza kunyanyua bunduki bila mkono kutetemeka. Akaniona. Hawa ndege wana macho, usicheze. Akaenda.

Mzee hakusema kitu. Hicho ndicho kilichoniuma.

Wa pili nilinunua kwa hasira, ule wa mpira, mpana, unaovutika. Kijana wa duka alisema unapunguza uzito. Ni kweli begani unahisi kama mto. Lakini kila hatua bunduki inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama mkungu wa ndizi uliofungwa kwa blada kwenye keria ya baiskeli. Kitako kinakupiga nyonga. Na pete za chuma zinazoshika mkanda zililia kwii, kwii, kilima chote. Mzee aligeuka mara moja tu, akaweka kidole mdomoni.

Shosho alijua kutokana na bega. Tulikuwa kwenye simu ya video, nikainua mkono kuchukua kikombe, nikakunja uso.

"Nini hicho, mume wangu?"

"Mzigo tu, Shosho."

"Mzigo gani?"

Nikajaribu kuzunguka. Yeye ana miaka themanini na kitu, lakini ukimzungusha anakungoja tu pale utakapotokea. Mwishowe nikamwambia. Alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo: "Mkanda wake ukoje?"

Hapa lazima nieleze kichwa cha Shosho. Kwenye paji la uso, chini kidogo ya nywele, ana mfereji. Ukipitisha kidole unahisi mfupa umebonyea. Ni alama ya mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao akina mama wa Gĩkũyũ hupitisha kichwani kubebea kuni na maji mgongoni. Tukiwa watoto tulibishana nani atautelezesha kidole. Alibeba kuni za nyumbani, na wakati wa Hali ya Hatari alibeba pia mawe na udongo wa kazi ya kulazimishwa, msichana wa miaka kumi na minane. Kama kuna mtu duniani anayejua mikanda, ni yeye.

Nikainua mkanda mbele ya kamera. Akaniambia niuvute. Nikauvuta.

"Tupa," akasema. "Mukwa haivutiki. Mzigo hauumizi kwa uzito, unaumiza kwa kucheza. Unataka pana pale panapokugusa, nyembamba pale panapofunga. Na ufupishe. Mzigo ulale juu mgongoni, usikupige matako kama mtoto asiyefungwa vizuri."

Kisha akaongeza, kwa sauti nyingine: "Na kile kitu, ukiingia nacho nyumbani, kinalala wapi?" Nikamwambia kwenye sanduku la chuma, kwa mzee, na risasi zinafungiwa mbali. Akasema sawa. Hatukurudi tena kwenye hilo.

Wa tatu ni wa ngozi. Inchi mbili na nusu begani, chini yake kuna suede ili usiteleze, unapungua hadi inchi moja kwenye ncha. Bunduki ya mzee haikuwa na mahali pa kufunga pete, na kutoboa mbao ya baba yake ingekuwa kama kutoboa kaburi. Tukabadilisha kifuniko cha mbele, pale mrija wa risasi unapoishia, tukaweka chenye jicho la chuma. Nyuma tukafunga kitako kwa soksi ya ngozi yenye kamba. Pete nilizizungushia kipande cha blada. Hazilii tena. Ngozi ina ubaya wake: ikinyeshewa inanyonya maji, inarefuka, lazima uipake mafuta. Navumilia.

Kuna jambo jingine, ambalo Shosho hakulijua na mzee hakuwa amelifikiria. Wawindaji wa paa huvaa rangi ya machungwa inayowaka. Wa bata mzinga hujificha, na huepuka hata nyekundu, nyeupe na buluu kwa kuwa ndizo rangi za kichwa cha dume. Mke wangu aliniangalia nikivaa, akasema, "Mtu mweusi, alfajiri, amejificha, ana bunduki, katika tarafa ambayo yeye ndiye mweusi peke yake." Hakumaliza. Ndiyo maana nataka bunduki ikae begani bila kushikwa, mdomo juu, mikono yangu yote miwili ionekane. Na nilishona kitambaa cha machungwa nyuma ya mkanda, nakigeuza nje tukiwa tunatembea, nakigeuza ndani tukikaa.

Mwaka uliopita nilikuwa narudi peke yangu kwenye barabara ya kokoto, bunduki tupu. Gari la pikapu likapunguza mwendo, likasimama kando yangu. Mwanamume akashusha kioo. Alitazama mdomo wa bunduki, akatazama mikono yangu, ambayo niliiacha wazi kama mtu anayepima urefu wa samaki. Akaniuliza niko shamba la nani. Nikamtajia mzee. "Ah, wewe ndiye mkwe," akasema, akaondoka.

Nilipomweleza mzee, aliweka uma chini. Mimi nikitembea pale, akasema, yeye huinua mkono tu na kupita. Jioni hiyo alipiga simu kwa majirani, mmoja baada ya mwingine, akiwa kule banda la matrekta ili nisisikie. Nilisikia. Msimu huu, kabla hatujatoka, aliniomba uzi wa machungwa, akashona kitambaa kwenye mkanda wake pia. Mishono yake ni mibaya ajabu.

Dume nilimpata siku ya tatu. Kilo tisa na ushei. Nilimbeba mgongoni, bunduki begani, bega halikusema kitu. Nikamtumia Shosho picha. Akapiga simu, akaitazama kwa muda, kisha akauliza kama nyama yake ni tamu. Nikamwambia miguu ni migumu kama kamba.

"Basi chemsha kwanza," akasema. "Usiku kucha."