Kutoka Mto Kathita Hata Mji wa Lamu

Mtu asimamaye katika soko la Gakoromone asubuhi na mapema huona mizigo ya ndizi, viazi, maharagwe na njahi ikishushwa kutoka kila upande wa nchi ya Meru. Si mbali na soko hilo unapita mto Kathita, utokao katika Mlima Kenya. Maji yake huteremka mpaka yakaingia mto Tana, na Tana huyachukua mpaka Kipini, penye Bahari ya Hindi. Hivyo maji tunayoyavuka kila siku bila kuyatazama yanakwenda pwani, wala hayalipi nauli.

Lakini wazee wetu walitusimulia kwamba babu zetu walikuja kwa njia iliyo kinyume cha maji hayo. Zamani, walisema, Wameru walikaa mahali paitwapo Mbwaa, karibu na maji makubwa, chini ya watu walioitwa Nguo Ntune, maana yake Nguo Nyekundu. Watu hao waliwatesa na kuwapa kazi zisizowezekana. Waliwaambia walete kiatu chenye manyoya juu na chini. Mwenye hekima mmoja akakata ngozi ininginiayo shingoni mwa ng'ombe. Waliwaambia watoe tunda katika shimo refu pasipo kulichoma. Wakamimina maji, tunda likaelea. Mwisho walipoamriwa kufua mkuki wa kufika mawinguni, waliona kwamba hapana budi kukimbia. Wakaondoka usiku na kiongozi wao Koomenjwe, wakavuka maji. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, yaani weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Na waliovuka mchana wakaitwa Njeru, weupe.

Wanahistoria wengine wanadhani kwamba Mbwaa hiyo ilikuwa katika kisiwa cha Manda, kinachoelekeana na mji wa Lamu. Nilipokuwa mtoto, babu yangu alipolitaja jina la Nguo Ntune alishusha sauti yake, kana kwamba wenyewe walikuwa nje ya mlango. Kwa hiyo nakiri mbele ya wasomaji kwamba, nilipokata shauri kwenda kuitazama Lamu, sikwenda kama mgeni mwenye moyo mweupe. Nilikwenda kama mtu aendaye kuiona nyumba ya mdeni wake.

Nilipanda basi hata Nairobi, kisha Mombasa, kisha Malindi, na kutoka hapo tukashika njia ya Garsen. Karibu na Garsen tulivuka daraja la mto Tana. Nikachungulia dirishani nikaona maji mekundu, mazito kama uji. Moyoni nikasema, rangi ile si ya pwani. Ule ni udongo wa mashamba yetu ya mlimani, uliochukuliwa na mvua kwa sababu ya watu wasiochimba matuta. Kama wakulima wa kwetu wangesimama juu ya daraja lile dakika tano tu, nadhani wangerudi nyumbani na kushika majembe.

Tukapita Witu, mji uliokuwa na sultani wake, ambao Waingereza waliupiga kwa vita mwaka 1890, hata tukafika Mokowe. Hapo njia ya gari hukoma. Tukaingia katika boti, na baada ya muda mfupi tukaiona Lamu, mji mweupe uliojipanga kando ya maji, na majahazi mbele yake.

Mji wa Lamu ni wa mawe. Nyumba zake za zamani zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Mlango wa mbele una nakshi, na penye daka pana baraza ya mawe, ambapo mgeni hupokewa kabla hajaingia ndani. Kutani mna vidaka vya kuwekea vyombo. Vichochoro ni vyembamba hata gari haliwezi kupita; mizigo huchukuliwa na punda na hamali. Katikati ya mji ipo ngome iliyomalizika mwaka 1821. Serikali ya Kiingereza iliigeuza gereza, ikabaki gereza hata mwaka 1984, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuandika mji huu miongoni mwa mahali pa urithi wa dunia nzima.

Katika kichochoro kimoja nilimkuta mwashi mzee akiziba ukuta kwa chokaa. Nikamsalimu, "Salamu alaikum, mzee wangu." Akaitikia, akauliza natoka wapi. Nilipojibu, Meru, akacheka na kusema, "Ndiko itokako miraa! Karibu, mwanangu, keti barazani." Nikaketi. Alisema Kiamu, ambacho huita njia "ndia" na maji "mai". Lakini nilimwelewa, maana mtu kwetu ni "muntu", na ng'ombe ni ng'ombe kwao na kwetu.

Nilimwuliza ni wageni gani waliopata kuutawala mji wake. Akahesabu kwa vidole: Wareno, Waomani, Waingereza. Kisha akanyosha kidole cha nne akasema, "Na Waturuki, kwa siku chache."

Jambo hilo la Waturuki ni la kweli, nami nitalieleza kwa kifupi. Kati ya mwaka 1585 na 1586, katika siku za Sultani Murad wa Tatu wa Stambuli, nahodha mmoja aitwaye Mir Ali Bey alitoka Bahari ya Shamu akaja pwani hii. Miji ilikuwa imechoka na kodi na mizinga ya Wareno, basi ikampokea kwa furaha. Malindi ilibaki upande wa Wareno. Hapa Lamu aliteka meli ya Wareno pamoja na mkuu wao. Alirudi mara ya pili na meli tano, akajenga ngome ndogo Mombasa. Lakini Machi 1589 Wareno walikuja kutoka Goa na meli nyingi, na wakati huo huo Wazimba wenye vita walikuwa wamefika ng'ambo ya kisiwa. Ali Bey akakamatwa, akapelekwa Lisbon. Aliyelipa gharama ni mwenyeji: mtawala wa Lamu alikatwa kichwa mwaka huo kwa kuwa aliwapendelea Waturuki. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus, ili Mturuki asirudi tena.

Huenda msomaji atauliza, Waturuki walituachia nini? Mawe hawakutuachia. Walakini walituachia maneno, ambayo hayakuja kwa meli za Ali Bey bali kwa njia ndefu zaidi. Jeshi la Misri lilikuwa na vyeo vya Kituruki. Waingereza wakaleta askari wa Kisudani waliotoka katika jeshi hilo, nao wakaja na vyeo vyao. Wazee wetu waliokuwa katika K.A.R. waliwajua ombasha na shaushi. Na hata leo mtu akiingia katika kituo cha polisi, Meru au Embu, husema "afande" kwa heshima, asijue kwamba anatamka neno la Stambuli, "efendi".

Dola hiyo hiyo ilitawala pia sehemu ya Ulaya. Katika nchi ya Bosnia uko mji wa Mostar, juu ya mto Neretva. Kwa amri ya Sultani Suleiman Waturuki walijenga huko daraja la mawe lenye tao moja, likamalizika mwaka 1566, yaani miaka ishirini tu kabla Ali Bey hajafika Lamu. Sultani alikufa, dola yake ikaondoka, lakini daraja likabaki zaidi ya miaka mia nne, maana watu wa pande mbili za mto walilivuka kila siku na kulihesabu kuwa lao. Mwaka 1993 wenyeji wa nchi hiyo walipigana wao kwa wao, na mizinga ikaliangusha daraja mtoni. Wakalijenga upya kwa mawe ya aina ile ile, likafunguliwa mwaka 2004. Yaani kilichojengwa na mtawala mgeni kilivunjwa na wenyeji, na wenyeji wakaona kwamba hawawezi kukaa bila hicho.

Hapo ndipo nilipomweleza yule mwashi neno lililonileta, nikamsimulia habari za Mbwaa na Nguo Ntune. Aliweka mwiko wake chini akasikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atakasirika, au atasema hizo ni hadithi za bara. Lakini alisema, "Mwanangu, babu wa babu yangu aliletwa hapa mtumwa kutoka bara. Yeye pia alipewa kazi ngumu, wala hakupata maji ya kuvuka. Alibeba mawe. Watu husifu nyumba za mabwana, lakini ukuta huu ni jasho la watu kama yeye. Ndiyo sababu nautengeneza."

Sikuwa na jibu. Katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1907, na mimi nilikuwa nimekuja kuwatazama watu wote wa mji ule kana kwamba wote ni wana wa Nguo Ntune. Aliyekimbia na aliyeshindwa kukimbia walikuwa ndugu katika taabu. Mmoja alipata mlima, mwingine alipata mwiko.

Siku ya pili nilichukua mashua kwenda Manda. Maji yalipojaa tulipita katika mkondo wa mikoko, tukafika Takwa, mji uliohamwa tangu karne ya 17. Msikiti wake mkubwa ungaliko, hauna paa, na mibuyu imesimama kati ya kuta. Watu wake walivuka maji wakakaa Shela, katika kisiwa cha Lamu, na watu wa Shela hurudi Takwa kuomba mvua penye kaburi la zamani. Nikakumbuka pia kwamba katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, Serikali ya Kiingereza iliweka katika kisiwa hicho cha Manda kambi ya wafungwa waliotoka bara. Kama Mbwaa ilikuwa pale, basi kisiwa hicho kimewaona watu wa bara wakitoka usiku kwa hofu, na kuletwa mchana kwa pingu. Nilisimama pale kitambo, mtu huru mwenye nauli ya kurudi mfukoni.

Ndugu wasomaji, watu wa Lamu wana mawe, na mawe yasipopakwa chokaa huanguka. Sisi wa Meru hatukuwa na miji ya mawe. Urithi wetu ni maneno ya wazee. Maneno nayo huanguka, tena hayaachi magofu. Yafaa kila kijana ajuaye kuandika aketi na mzee wa nyumba yake, amwulize habari za Mbwaa, za koo na za kuvuka maji, aziandike kama zilivyosemwa, pamoja na mahali wazee wanapohitilafiana. Mimi babu yangu alikufa kabla sijamwuliza nguo zile nyekundu zilishonwaje, na nani aliyebaki ng'ambo.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwanza mtoni Kathita. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na maji yalikuwa mekundu. Kesho yake nilianza kuchimba matuta.