Usiku Mama Alipolala

Mimi huuza magauni ya mitumba sokoni Gikomba, kwenye kibanda alichoniachia mama. Naandika kwa ajili yako unayekesha na mgonjwa usiku huu.

Mama alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi ikiwa imeshasambaa. Hospitali moja ilituambia tumrudishe nyumbani, basi. Tukarudi Majengo na panadol.

Usiku ndio uliotumaliza. Aliuma leso asiwaamshe majirani. Mabati hayasitiri kitu. Nilimpangusa jasho. Niliomba. Saa nane akaniita. "Mwanangu, mwambie Mungu anichukue." Nilitoka nje. Nikakalia ndoo. Hata kulia sikuweza.

Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyetutajia Nairobi Hospice, iliyoanza 1990, pale Hospitali ya Kenyatta. Nilidhani ni mahali pa kwenda kufia. Kazi yao ni tiba shufaa; nilikuwa nimeisikia wapi mimi? Tulipoenda, daktari hakuanza na faili. Alivuta kiti, akamwomba mama aonyeshe maumivu kwa mkono: ngumi ni hakuna, vidole vitano ni yasiyovumilika. Mama akanyoosha vitano, vikitetemeka. Kisha daktari akamuuliza kinachomkosesha amani. Deni la belo la mitumba, mama akasema. Sikuwa nalijua.

Alitueleza wazi kwamba saratani hataiondoa; kazi yake ni maumivu, kichefuchefu, hofu, na sisi tunaouguza pia. Wengine, alisema, huanza kuhudumiwa hivyo mapema, huku wakiendelea na matibabu. Akatupa mofini ya maji, chungu kama shubiri: kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Kaka yangu akang'aka: si dawa ya kulevya hiyo? Daktari hakumkaripia. Alimshikisha bomba la kupimia, akamfundisha.

Saa nne usiku tulimpa maradufu kama tulivyoelekezwa, apitishe usiku. Akalala. Mimi ndiye niliyeshindwa. Niliinuka mara tatu kuweka kiganja puani pake. Asubuhi akaitisha chai, akataka magauni ayakunje. Nilimwonyesha mkono kumuuliza. Akainua vidole viwili.

Tulipata miezi minne. Deni tulilichangia ndugu wote. Aliondoka alfajiri, mkono wake mkononi mwangu, leso ikiwa imekunjwa chini ya mto.

Chupa iliyobaki niliirudisha hospisi. Bado ikifika saa nne usiku mkono wangu huitafuta rafuni.